Mama Gundi na Ukurasa wa Tisini na Saba

Katika shule ile hapakuwa na mwanafunzi aliyemwita mkutubi kwa cheo chake. Walimwita Mama Gundi, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe lilikuwa la haki: harufu ya gundi ya unga wa ngano aliyoichemsha mwenyewe ilimtangulia kila alikokwenda, na ilibaki nyuma yake kama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na kucha zilizokatwa fupi. Alisomea kujalidi vitabu katika chuo cha ufundi, akaifanya kazi hiyo kiwandani mpaka kiwanda kilipofunga milango, kisha shule ikamchukua aje azibe viraka vya maktaba yake. Alikuja kama fundi wa muda, akageuka mwenye nyumba.

Kabla yake, chumba cha maktaba kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na madirisha mawili: moja halikufunguka, la pili halikufungika, na kwa kusaidiana yalifanya kazi ya dirisha moja zima. Vitabu karibu vyote vilimfikia vikiwa vimepoteza majalada na kurasa za mwanzo. Alivivika karatasi ya kaki, na migongo yake akaifunika kwa vipande vya vitambaa vilivyosalia kwenye meza ya mumewe, fundi cherehani. Ndiyo maana rafu ya riwaya ilikuwa na migongo ya suti za maharusi, ya sare za walinzi, na ya gauni moja la zambarau ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua.

Majalada yalipopotea, majina ya waandishi yalikwenda nayo. Jambo hilo lingemvunja moyo mkutubi mwingine. Yeye aliligeuza somo. Kila mwandishi alimpa jina la utani kwa kadiri ya sauti yake. Mmoja aliitwa Mzee wa Mvua, kwa sababu hadithi zake zote zilianza kwa manyunyu, na ndani yake hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi kabla hajakatizwa na mwingine. Mwingine aliitwa Shangazi, kwa kuwa aliandika kama shangazi aliyekuja kukaa: alijua kila kitu cha kila mtu, na alikisema chote, tena kwa utaratibu, mpaka mwisho. Alhamisi mchana, kipindi cha maktaba kilipoanza, Mama Gundi alisoma aya moja bila kueleza inatoka wapi, kisha akauliza, "Nani huyu?" Mwanzoni watoto walibahatisha. Baadaye walianza kugombana. Aliwaambia kwamba mwandishi ni mtu wa kumzoea kama jirani. Ukishaijua sauti yake, huna haja ya kuchungulia ili ujue ni yeye anayepita.

Hakumuuliza mtoto yeyote anapenda kusoma nini. Swali hilo, alisema, huwafanya watoto waseme uongo wa adabu. Yeye aliuliza, "Wiki hii nini kimekuudhi?" Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Kijana aliyeudhiwa na kaka yake anayemvalia viatu bila ruhusa aliondoka na hadithi ya pacha wawili waliogombea koti moja. Msichana aliyeudhiwa na kutokuaminiwa nyumbani alipewa kisa cha shahidi ambaye mji mzima ulimwita mzushi. Kitabu kiliporudishwa, hakuuliza kama kimesomwa. Alikisimamisha mezani kwa mgongo wake, akakiachia, nacho kikajifungua chenyewe mahali kilipokunjwa zaidi. Kikijifungua katikati, alimtazama mwenye kukirudisha kwa upole.

"Umemwacha yule mjane sokoni, mwanangu. Rudi ukamtoe."

Nao walirudi. Hakuna aliyejua amewezaje kujua.

Mmoja tu ndiye aliyemtoa kijasho. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mrefu, mwenye macho ya kudai risiti, ambaye wenzake walimwita Wakili. Kila Alhamisi aliulizwa nini kimemuudhi, na kila Alhamisi jibu lilikuwa lilelile: kitabu cha wiki iliyopita. Mhusika huyu ameshtuka mno kwa jambo dogo. Yule amesamehe upesi, hakuna mama wa namna hiyo. Mwandishi ameua mtu kwa sababu alichoka kumtunza. Mama Gundi alisikiliza mashitaka yote kwa uso mkavu, lakini moyoni alikuwa akicheka, kwa sababu mtu hagombani na kitu asichokiamini.

Mambo yalikuwa hivyo hadi mwalimu wa taaluma alipoleta hoja yake katika kikao cha walimu. Hakuwa mtu mbaya. Alifundisha hesabu, aliipenda shule, na matokeo ya mtihani wa mwaka uliopita yalimnyima raha. Alisema kipindi cha maktaba kigeuzwe kipindi cha majaribio. Hadithi watoto watazisoma likizo. Mama Gundi aliulizwa ana nini cha kusema, naye, kama kawaida yake, alikuwa na sentensi moja tu: kwamba watoto wanasoma. Mwalimu wa taaluma aliuliza kwa heshima zote nani amewaona wakisoma, au wameonekana tu wakiazima. Ndipo mwalimu mkuu, mtu mnene, mpole na asiyependa ugomvi kabla ya chai, alipoamua kwamba Alhamisi ya mwisho wa muhula atakuja mwenyewe maktaba. Atamnyooshea mwanafunzi yeyote kidole, asimulie kitabu alichokisoma. Wakisimulia, kipindi kitabaki. Wakibabaika, kipindi kitakwenda, na mkutubi atahamishiwa ofisi ya stoo, akatunze chaki na mifagio.

Mama Gundi hakulala na hofu. Aliwajua watoto wake. Mpaka Jumatano, siku moja kabla ya ugeni huo.

Masomo yalikuwa yamekwisha naye alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu ya riwaya. Alishika kitabu chenye mgongo wa bluu, kipande cha sare ya mlinzi, mojawapo ya viwili alivyovijalidi likizoni na ambavyo kidato cha pili walivigombea muhula mzima, wakipokezana bila kuvipitisha mezani kwake. Kwa mazoea tu, alikisimamisha mezani, akakiachia. Kilifunguka kwa kishindo kidogo, kikalala wazi kabisa kama mtu aliyechoka. Alitazama. Upande wa kushoto, ukurasa wa tisini na sita, dada wawili waliorithi tanuri la mikate walikuwa wakikanda unga bila kusemezana. Upande wa kulia, ukurasa wa tisini na saba, mtengeneza saa alikuwa hewani juu ya mapaa, akimfukuza mtu aliyeiba saa ya mji.

Alikaa chini.

Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayekumbuka sufuria aliyoiacha jikoni. Kitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita. Riwaya ile ya saa, ya Mzee wa Mvua, na ile ya tanuri, ya Shangazi, zilichapwa kiwanda kimoja, kwa kimo kimoja, karatasi moja, herufi moja. Alizifumua zote siku moja juu ya meza ya nyumbani, ilhali mwalimu wake chuoni alikuwa amewakataza, tena kwa ukali, kufumua vitabu viwili kwenye meza moja. Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake na alikuwa na haraka. Baada ya mafungu sita ya kwanza, mikia ikabadilishana. Namba za kurasa zilifuatana bila kuruka, kwa hiyo jicho lake halikushtuka. Cha bluu kilianza kwa Shangazi kikaishia kwa Mzee wa Mvua. Basi kile cha pili, cha mgongo wa zambarau, kilianza kwa Mzee wa Mvua kikaishia kwa Shangazi, nacho hakikuwa rafuni. Kilikuwa kwa Wakili.

Lakini kilichomuuma zaidi ni mgongo. Ulikuwa umevunjika palepale, kwenye tisini na saba, wala si kwa mkunjo wa mtoto mmoja. Alijua kuusoma mgongo kama daktari anavyousoma mpigo. Darasa zima lilikuwa limefika hapo, likakwama, likakirudisha kitabu rafuni, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Akakumbuka kwamba wiki hizi za mwisho Wakili alikuwa amekaa na kile cha zambarau, akiomba aongezewe muda, bila shitaka hata moja. Mtoto yule, asiyeacha koma ipite bila kuhojiwa, alikuwa amenyamaza. Mama Gundi alijiambia kwamba ameacha kugombana kwa sababu ameacha kuamini.

Nyumbani, mumewe alikuwa akikata kitambaa kwenye meza ileile. Alimweleza kwa sauti ndogo huku akisaidia kukunja pindo. Mume alisikiliza, mkasi ukiwa hewani, kisha akaweka mkasi chini.

"Mama watoto, kuna jambo sikukwambia," alisema. "Siku ile ulipokwenda dukani kununua uzi, mteja wa suti alikuja. Niliyahamisha mafungu yako kitandani, halafu nikayarudisha. Mimi niliona ni makaratasi."

Mama Gundi, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alisema kwamba mafungu yasingekuwapo mezani kama angefuata alivyofundishwa. Mume, aliyeona amesamehewa kwa bei nafuu, akapata nguvu ya kumliwaza. Alimkumbusha jinsi alivyowahi kumshonea bwana mmoja suruali yenye mguu wa kulia wa kwake na wa kushoto wa mteja mwingine.

"Na akaivaa, bibie. Mpaka leo nikikutana naye ananiambia haijawahi kupatikana suruali kama ile. Nyie kesho nyamazeni. Wakubwa wale hawatasoma mpaka ukurasa wa tisini na saba."

Alicheka, maana alikuwa na mume wa kuchekesha, lakini hakukubali. Alisema kwamba hatakaa kimya mtoto akinyooshewa kidole kwa kosa lake yeye. Mume alijua sauti hiyo. Akaurudia mkasi wake.

Alhamisi mchana chumba kilijaa. Mwalimu mkuu aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, nacho kiti kikalalamika kwa niaba ya wote. Mwalimu wa taaluma alisimama karibu na dirisha lisilofungika, mikono nyuma. Kidato cha pili walikuwa wametulia mno, utulivu wa watu waliokula njama, lakini Mama Gundi hakuutambua. Aliyatazama tu yale macho ya kudai risiti katika safu ya tatu, na kile kitabu cha zambarau kilichokuwa juu ya dawati.

Mwalimu mkuu alimwachia mwenzake achague. Mwalimu wa taaluma alimjua Wakili kwa sifa. Hata kwenye hesabu alikuwa akikata rufaa. Akamnyooshea kidole, akasema kwamba huyu asiyependa chochote ndiye ambaye angependa kumsikia.

Wakili alisimama. Alianza na mvua, na mji mdogo ulioamka asubuhi ukakuta mnara wake una shimo mahali palipokuwa na saa. Alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa macho. Mwalimu mkuu alisogea mbele. Mtengeneza saa alishukiwa, akafungiwa, akatoroka kupitia paa, akamwona mwizi akiingia uchochoroni, akaruka.

"Na tunapogeuza ukurasa," alisema Wakili, "tupo mbele ya tanuri la mikate, na dada wawili hawasemezani."

Mwalimu wa taaluma aliinua nyusi. Aliuliza mtengeneza saa amekwenda wapi. Wakili alijibu kwamba hayupo. Akauliza kama dada hao walikuwa wametajwa kabla. Wakili alijibu kwamba hapana. Mwalimu alimgeukia mwalimu mkuu, akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa ingawa angependa isitoke.

Mama Gundi alipiga moyo konde, akasimama.

"Mwanafunzi hakukosea," alisema. "Nilikosea mimi. Nilivifumua vitabu viwili pamoja, nikavishona vibaya. Kama wengine walishindwa kuendelea, walishindwa kwa sababu yangu. Msiwahukumu wao."

Ndipo Wakili, ambaye bado alikuwa amesimama, alipogeuka.

"Mama, naomba nimalize. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba wanaokatizana ni watu wa Mzee wa Mvua."

Kicheko kilipita chumbani kama upepo, na Mama Gundi, pasipo kujua, akakaa.

Wakili alieleza kwamba alipofika ukurasa wa tisini na saba hakudhani amepotea, alidhani ametapeliwa. Alisoma sentensi tatu, akampiga kiwiko jirani yake wa dawati, akamwambia huyu si Mzee wa Mvua. Watu wake wameanza kumaliza sentensi, tena wanaeleza walikula nini asubuhi. Huyu ni Shangazi. Jirani alibisha. Safu nzima ikabisha. Wakasomeana kwa sauti wakati wa mapumziko hadi wote wakakubali kwamba sauti imebadilika. Basi, kama Shangazi ameingia humu, Mzee wa Mvua ametupwa wapi? Walikwenda rafuni wakafungua kila kitabu cha kaki penye ukurasa huohuo, mmoja baada ya mwingine, mpaka walipofungua cha bluu na kumkuta mtengeneza saa angali hewani, hajatua.

Tangu siku hiyo, alisema, walivisoma viwili kwa pamoja, kila kimoja kikiwa wazi mahali hapo, wakiruka kutoka hiki kwenda kile. Darasa lote lilimaliza. Kisha wakasoma tena kama vilivyoshonwa, na sasa wamegawanyika: wapo wanaosema saa ya mji ilifichwa ndani ya tanuri, na ndiyo sababu dada wale hawasemezani.

Mama Gundi aligeukia rafu ya riwaya. Mgongo uliovunjika. Hapakuwa pahali walipokwama. Palikuwa pahali waliporudi, na kurudi, na kurudi tena. Miaka yote aliyosoma migongo ya vitabu, huu wa bluu alikuwa ameusoma kinyume.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza.

Wakili alitazama chini kwa mara ya kwanza. "Ungevitengeneza kabla hatujamaliza kugombana."

Mwalimu wa taaluma hakuwa mtu wa kukubali jibu bila kuonyeshwa njia. Alisema kwamba kutambua sauti ndani ya kitabu ulichokwisha kukisoma si ajabu. Pembeni mwa mlango palikuwa na boksi la vitabu vilivyofika asubuhi hiyo, kamba yake bado haijakatwa. Aliikata mwenyewe kwa wembe wa Mama Gundi, akachomoa kimoja chenye jalada lake zima, akalifunika kwa mkono, akasoma aya katikati. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na vumbi, kituo cha treni, na mwanamume akimuaga mkewe. Alipomaliza, aliuliza kwa sauti iliyokuwa inajaribu kutokuwa ya Mama Gundi, "Nani huyu?"

Mnong'ono ulianza nyuma, ukafika mbele ukiwa mabishano. Wengine walisema ni Shangazi, kwa kuwa yule bwana amemaliza kusema anakwenda wapi. Wengine walisema hapana, msikilizeni mke, amekatizwa. Wakili alikuwa amefumba macho.

"Ni Mzee wa Mvua," alisema. "Lakini akiwa kijana. Alikuwa bado anawaruhusu watu wamalize mara mojamoja. Mvua pia alikuwa hajaipata."

Mwalimu aliinua mkono wake kutoka kwenye jalada, akalitazama. Mama Gundi alikwenda rafuni, akatoa kitabu pekee cha Mzee wa Mvua kilichobaki na jalada lake, akakiweka kando ya kile kipya. Majina mawili yalilingana herufi kwa herufi, na cha boksini kilikuwa kimeandikwa zamani zaidi.

Mwalimu alivitazama vyote viwili. Kisha mtu yule wa hesabu alifanya jambo ambalo kidato cha pili walilisimulia mpaka walipomaliza shule. Alivuta kiti, akaketi, akakohoa.

"Na hiyo saa," alisema, "aliiba nani?"

Darasa zima lilimtazama kwa adabu kubwa, midomo imefungwa. Hatimaye Wakili alikichukua kitabu cha zambarau na cha bluu, akampelekea vyote kwa mikono miwili.

"Azima, mwalimu," alisema. "Tukikwambia tutakuharibia."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka kiti kikamtishia. Alipopata pumzi alisema kwamba kipindi cha maktaba kinabaki mahali pake, kwamba atakayetaka kukigusa aanze na yeye, na kwamba kidato cha kwanza nao watafutiwe nafasi. Mwalimu wa taaluma alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuwa akisikiliza. Alikuwa tayari kwenye mvua.

Nyumbani, habari hizo zilipomfikia, fundi cherehani aliweka mkono kifuani na kusema kwamba kwa hiyo ni yeye aliyeiokoa maktaba, na kwamba hadai shukrani, atatosheka na chai. Mkewe alimmiminia chai. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kirefu ambacho watoto wao wawili walikuja kukichungulia.

Muhula uliofuata, vitabu viliporudi kutoka kwa mwalimu wa taaluma, Mama Gundi alivitengeneza. Hakuweza kubeba mgongo ulioshonwa vibaya rohoni mwake. Alifanya kazi hiyo Alhamisi, mbele ya darasa, juu ya meza iliyofutwa, mafungu ya kila kitabu yakiwa yamefungwa kwa kamba yake, akamaliza kushona kimoja kabla ya cha pili. Kidato cha pili walimzunguka, wakimpitishia uzi na gundi, kimya kama wako chumba cha upasuaji. Sindano ilipotoka kwenye tundu la mwisho, mtengeneza saa alitua juu ya paa lake, na dada wawili wakarudi kwenye tanuri lao.

Wote walipiga makofi isipokuwa mmoja. Mama Gundi aliifuta sindano, akamtazama.

"Haya, mwanangu. Wiki hii nini kimekuudhi?"

"Wewe, Mama," alisema Wakili. "Kilikuwa kizuri zaidi kikiwa kimekosewa."

Mama Gundi hakubisha. Alipitisha vidole juu ya migongo ya suti, ya sare na ya magauni, polepole, mpaka mkono wake ulipojua umefika. Akachomoa kitabu, akakipangusa vumbi kwa kiwiko, akamkabidhi.

"Basi chukua huyu," alisema. "Atakuudhi vizuri kuliko mimi."